Nyamaza Kabla ya Jina

Ilham hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Wanafunzi wote wa Afrika Mashariki waliosoma Guangzhou mwaka ule wa 1998 walilijua hilo, na wenye roho nyepesi walimkwepa. Kila Jumapili alasiri walikutana katika darasa moja la chuo kikuu kufanya mazoezi ya kuhutubia. Mmoja akisimama kusema, mwingine alikaa mbele kumsikiliza, kisha akamweleza mbele ya wote kipi amekipatia na wapi ameboronga. Respicius, mwenyekiti wao, mtu wa Bukoba asiyevua tai hata jua likiwaka, aliweka sheria moja tu: mtathmini haruhusiwi kumhurumia mtu. Ilham aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Siku moja alimkosoa Respicius mwenyewe kwamba amehutubia robo saa nzima bila kumwangalia mtu hata mmoja usoni, na Respicius akarudi kukaa huku anacheka.

Basi Jumapili ile alijishangaa mwenyewe, maana alianza kumhurumia Ussi kabla kijana wa watu hajafungua kinywa.

Wenzao walikuwa wameshaondoka. Njoki tu, rafiki yake wa Nairobi, alibaki kiti cha nyuma akimenya lichi, yale matunda ndugu wa shokishoki. Alibaki kwa sababu Ilham alimkonyeza asiende. Msichana wa Unguja hakai peke yake na mwanamume darasani, hata kama ni Uchina, na hata kama moyo wake unataka.

"Nna hotuba nataka unisikilize," Ussi alisema. "Sikutaka kuisema mbele ya watu."

"Hotuba gani hiyo inayoogopa watu?"

"Ya posa."

Lichi ilimponyoka Njoki ikabingirika mpaka mbele. Ilham aliiinamia kuiokota, akachelewa makusudi kuinuka, ili uso wake upate nafasi ya kutulia. Posa! Siku chache tu nyuma, mke wa ami yake, Bi. Bimkubwa, alimpigia simu bwenini. "Ijumaa njoo nyumbani mapema, mwanangu. Kuna wageni wanakuja kwa ajili yako. Ni mtu mzuri, unamjua, na ami yako anampenda." Tangu simu ile Ilham hakulala vizuri. Mtu mzuri anayemjua? Alimjua mmoja tu, naye sasa alikuwa amesimama mbele yake, mikono mfukoni, anatazama viatu.

Ussi alikuwa amemaliza masomo mwaka uliotangulia. Sasa alikuwa mkalimani wa wafanyabiashara wa viatu pale soko la Zhanxi, kazi ya kuongea kutwa nzima mpaka sauti ikwame. Hakuwa na sababu yoyote ya kuendelea kuja darasani kila Jumapili, isipokuwa ile ambayo kila mtu aliiona na yeye hakuwahi kuitamka.

"Haya," Ilham akasema, akakaa kiti cha mtathmini. "Anza."

"Ami yetu, mama yetu," Ussi alianza, "tumekuja kwenu na haja. Katika nyumba hii mna ua, na kijana wetu ameliona..."

"Simama. Ua litoe."

"Kwa nini? Washenga wote wanasema ua."

"Ndo maana nakwambia ulitoe. Huyo mzee keshasikia maua mpaka kachoka. Huyo kijana wenu kamuona msichana anafanya nini? Mseme hivyo."

Ussi aliinua macho. Walitazamana, na kwa muda hakuna aliyekumbuka kwamba kuna kazi.

"Alimuona anasimama mbele ya watu," akasema taratibu, "anamwambia mtu mzima makosa yake. Akamwambia yote, hakumficha hata moja. Na yule mtu akarudi kukaa anacheka, kwa sababu alijua hakudharauliwa. Siku ile kijana wetu akasema, huyu ndiye."

Ilham alisikia joto linampanda shingoni mpaka masikioni. "Hiyo," alisema, akakohoa kidogo, "hiyo iweke. Endelea."

Ussi aliendelea hadi mwisho, na Ilham akasimama kutoa tathmini yake. Alisema yale anayomwambia kila mtu, ila leo kila neno lilitoka limelainika.

"Sauti yako nzuri, haina makeke. Mikono itoe mfukoni, unaonekana kama mtu anayetafuta funguo. Waangalie. Si paa, si viatu, waangalie wao. Na kosa kubwa ni moja. Jina umelimeza. Ulipofika pale ukasema 'kijana wetu, nanihii, anaomba.' Nanihii ndiyo nini?"

"Najua."

"Pale pa jina usikimbie, Ussi. Nyamaza kabla ya jina. Waache wangoje kidogo, kisha litaje, zito. Mtu anayeomba mke hafichi jina."

"Na nikishindwa kulitaja?"

"Basi humtaki huyo mke."

Ussi alicheka, lakini si kicheko chake. Akachukua mkoba wake, akauweka begani, akautoa tena.

"Ilham. Acha kuwa mtathmini kidogo. Wewe mwenyewe, posa hii umeipenda?"

Mtoto wa watu angejibu nini? Aibu ilimshika, lakini hakutaka aibu imharibie siku kama ile. "Nimeipenda sana," alisema. "Nilikuwa naingojea."

Uso wa Ussi ulizimika ghafla. Ilham aliona, na akajiambia ni woga wa Ijumaa.

"Basi nimeshajua," Ussi alisema, akatoka.

Njoki alikimbia mbele na maganda yake mkononi. "Manze! Huyu msee anakukatia, anakutongoza mchana peupe na wewe unamsahihisha mikono!"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Laiti wangalijua.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, sebule ya Abubakary ilipambwa kadiri inavyoweza kupambwa nyumba ya mfanyabiashara. Maboksi ya viatu yaliyongoja kontena yalisukumwa ukutani yakafunikwa shuka nyeupe, mikeka ikatandikwa, na halua iliyokuja na abiria kutoka Unguja ikakatwa vipande vidogo ili itoshe. Abubakary ndiye ami yake Ilham, mdogo wa marehemu baba yake. Ndiye aliyesimama mahali pa baba, Unguja na hata huku ugenini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wachina wa Zhanxi walimwita laoban, yaani bosi, na walimwogopa kwa sababu alikuwa akisikia bei haijibu, anakutazama tu mpaka uishushe mwenyewe.

Ilham na Bi. Bimkubwa walikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Ilham alikuwa amevaa gauni la kijani, na udi umemkolea mpaka kwenye nywele. Alipowasikia wageni wanavua viatu mlangoni alitambua sauti mbili. Moja ya Mzee Abass, mtu wa Tanga, mpole, muuza vitambaa. Ya pili hakuhitaji kuambiwa.

"Kaja mwenyewe!" alinong'ona, moyo unamruka.

"Nani kaja mwenyewe?" Bi. Bimkubwa aliuliza, lakini sebuleni Mzee Abass alikuwa ameshaanza.

"Sheikh Abubakary, mimi ndiye mkubwa wa msafara, lakini maneno sina. Mimi nikisimama kusema, nitaomba punguzo. Atasema huyu kijana."

Watu wakacheka kidogo. Kisha sauti ya Ussi ikapanda, tulivu, haina makeke.

"Ami yetu, mama yetu. Tumekuja kwenu na haja."

Nyuma ya pazia midomo ya Ilham ilikwenda sambamba na yake. Ua halikuwepo. Alichungulia kwenye upenyo akaona mikono iko nje ya mfuko, imetulia magotini. Macho yalimwangalia ami yake moja kwa moja. Aliona fahari, jamani, mpaka machozi yakamlengalenga. Akasikia habari ya msichana aliyemwambia mtu mzima makosa yake, na ami yake akaguna, mguno wa mtu aliyeridhika. Huyu ni mtu wangu, Ilham alijiambia. Nimemfundisha mwenyewe namna ya kunipata.

"Kijana wetu huyo," Ussi akasema.

Akanyamaza.

Alinyamaza vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Nyumba nzima ilingoja. Chini barabarani mkokoteni wa mizigo ulipita ukikereza, na Ilham aliuma ukingo wa mtandio wake asije akacheka kwa furaha.

"Ni Bwana Maulid Khatib, mnayemjua nyote. Amenituma niombe kwa niaba yake mkono wa binti yenu, Ilham."

Ilham hakuelewa. Alisikia kila neno na hakuelewa hata moja. Alimtazama Ussi kupitia upenyo, akingoja ajisahihishe, aseme samahani nimekosea.  Ussi alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mkeka.

Maulid! Maulid alikuwa muuza viatu tajiri, mtu wa makamo aliyefiwa na mke, mpole, anayemletea tende kila Ramadhani na kumwuliza habari za masomo. Ndiye aliyempa Ussi kazi, na ndiye aliyempa chumba alipotolewa bwenini. Ilham hakuwa na baya lolote la kumsema Maulid. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba hakuwa Ussi.

Hapo ndipo akili ilipomrudia, na ikamrudia na fedheha. Tangu lini muoaji akaenda kujiombea mke mwenyewe? Ameona posa ngapi kwao Unguja? Muoaji hubaki nyumbani anazungukazunguka, watu wengine ndio wanaokwenda kumsemea. Jambo hilo hata mtoto mdogo analijua. "Kijana wetu," Ussi alisema darasani, mara kumi na ushei, na yeye akaona ni haya tu, ni unyenyekevu. Miaka minne ya Uchina, na mapenzi juu yake, vilimsahaulisha desturi za kwao mwenyewe. Mikono ile aliitoa mfukoni yeye. Jina lile alilipa uzito yeye.

Sebuleni Abubakary alisema, "Tumewasikia. Mtoto ataulizwa."

Bi. Bimkubwa alimgeukia, uso umemnawiri. "Haya mwanangu, umesikia. Unasemaje?"

Ilham alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. 

"Aibu hiyo," Bi. Bimkubwa alitabasamu, akampapasa mgongo. "Hata mimi siku yangu sikusema kitu. Nakuuliza tena. Maulid, umemridhia?"

Na hapa, msomaji, ndipo balaa ilipokuwa. Kwao mwari akiulizwa akanyamaza, amekubali. Hakuna anayemtarajia aseme ndiyo. Kimya chake hubebwa kikapelekwa kwa wanaume, na posa imeshakubaliwa. Ilham alilijua hilo. Alikaa pale macho yamemtoka, yeye ambaye kila Jumapili anawaambia wenzake wapaaze sauti, na kila alipovuta pumzi, sauti ilikataa. Mshtuko ulikuwa unamwoza mume.

"Alhamdulillahi," Bi. Bimkubwa akasema. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, mkono ukaenda mdomoni tayari kwa kigelegele.

Ilham alimshika ule mkono.

"Mwanangu?"

Ilham aliuachia mkono ule. Akainuka, akalivuta pazia, akatoka.

Mzee Abass alikuwa anapeleka kipande cha halua mdomoni, kikaishia njiani. Ussi alinyanyua kichwa, rangi ikamtoka usoni.

"Ilham!" Abubakary akasema. "Rudi ndani."

"Ami, niwie radhi." Sauti ilitoka imekwaruza, lakini ilitoka. "Nimeulizwa. Nataka kujibu mwenyewe."

"Utamjibu mama yako, ataleta jibu."

"Ataleta jibu nisilolisema, ami."

Abubakary alimtazama kama anavyowatazama Wachina wa Zhanxi. Ilham hakuinamisha macho. Ami yake akanyamaza, na Ilham akakichukua kile kimya kuwa ruhusa. Akamgeukia Ussi.

"Umesema vizuri," alimwambia. "Umesema vizuri sana. Swali langu moja. Kijana wenu aliniona namwambia mtu mzima makosa yake. Maulid aliniona wapi?"

Ussi alikisogeza kikombe chake kando.

"Pengine kasimuliwa," Mzee Abass alijaribu kuokoa jahazi.

"Hakusimuliwa, mzee wangu, kaniona kwa macho, ndivyo ilivyosemwa hapa. Na Maulid hajakanyaga darasa lile hata siku moja. Aliyeniona ni nani, Ussi?"

Kahawa ilikuwa inapoa vikombeni. Abubakary aligeuza shingo taratibu kumwelekea mshenga yule.

"Mimi," Ussi alisema.

"Aliyesema huyu ndiye, ni nani?"

"Mimi."

"Yarabi!" Bi. Bimkubwa alipiga ukelele kutoka penye pazia.

"Kwa hiyo umekuja kunitoa kwa mtu mwingine kwa maneno yako mwenyewe?" Ilham sasa alikuwa analia, na hakujali nani anaona. "Na ukanifanya mimi nikufundishe?"

"Nilimpa mkono kabla sijajua ni wewe!" Ussi alisimama, akakaa, akasimama tena. "Aliniambia, nataka ukaniposee, nikasema niko tayari, nikampa mkono. Ndipo akanitajia jina. Ningefanya nini, Ilham? Yule mtu kanihifadhi. Nikasema nitakuletea wewe uisikie kwanza, nione utasema nini. Nilijua umeshaambiwa ni nani anakuposa. Kila msichana huambiwa! Nikakuuliza, umeipenda? Ukasema umeipenda sana, ulikuwa unaingojea. Nikajiambia, basi, anamtaka Maulid. Mimi nani?"

"Nilidhani unajisemea mwenyewe!"

Ussi aligeuka kumtazama. Ilham aliona maneno yale yanamwingia polepole, yanashuka, yanafika. Akakaa juu ya maboksi yaliyofunikwa shuka, boksi la juu likabonyea, na hakuna aliyecheka.

"Mimi?" akauliza.

"Wewe. Nani mwingine?"

"Basi mimi..." Alianza, akakwama. Mikono ilirudi mfukoni. Alitazama viatu, akatazama paa, akamtazama Mzee Abass kana kwamba mzee yule ana neno la kumwazima. "Ami, mimi sina... sikuja na... Mimi ndo nataka. Yaani, mimi. Sijui niseme vipi. Nataka mimi."

Hotuba mbovu kuliko hiyo Ilham hakuwahi kuisikia, na hakutamani kubadilisha hata neno moja.

"Hii kubwa!" Mzee Abass alipiga kofi la mshangao. "Kijana, umetumwa na bosi wako kumnunulia mali, umefika dukani unaitaka mwenyewe?"

"Abass," Abubakary akasema, na Abass akafunga mdomo.

Abubakary alimaliza kahawa yake iliyopoa. Akaweka kikombe chini. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini mno hata Bi. Bimkubwa akasogea mbele kusikia.

"Wewe umetumwa, na aliyetumwa hurudi na jibu. Ondoka hapa, nenda moja kwa moja kwa Maulid. Mwambie msichana amekataa. Mwambie kwa mdomo wako, na sababu umwambie, usifiche."

"Atanifukuza, ami."

"Pengine. Ana haki. Umwombe radhi, akikupa mkono wa radhi nataka nijue, asipokupa nataka nijue pia. Maulid ni rafiki yangu, na mimi sivunji urafiki wa miaka kwa ajili ya mtu aliyeshindwa kufungua mdomo wake."

"Naam."

"Na hayo uliyosema sasa hivi, ya mimi, mimi, mimi, sikuyasikia. Mtoto wa ndugu yangu haposwi namna hiyo, kama mtu anachagua nyanya. Nenda."

Ussi aliinuka. Alimtazama Ilham mara moja tu, kwa jicho la mtu anayekwenda kupoteza kazi na kitanda, na pengine Ilham pia. Akaenda mlangoni, akaanza kuvaa viatu.

Ilham alisimama katikati ya sebule ile. Alikuwa amemkataa mume mwema mbele ya watu, na yule aliyemkataa mume kwa ajili yake anatolewa nje. Ami kasema hakusikia. Basi imekwisha. Alitaka kumwita Ussi, lakini ami yake akatangulia kusema.

"Abass," Abubakary akasema, huku anasukuma sahani ya halua mbele ya mgeni wake.

"Naam, sheikh."

"Msindikize huyu kijana kwa Maulid, asiende peke yake. Halafu nna swali. Ijumaa ijayo una kazi?"

Mzee Abass alifikiri. "Ijumaa? Sina. Kwani kuna nini?"

"Nauliza tu. Maana huyu kijana hana mtu mzima wa kumsemea katika mji huu."

Mlangoni kiatu kilianguka. Bi. Bimkubwa alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Ilham alimtazama ami yake, ambaye tayari alikuwa ameinuka anatafuta kofia yake kana kwamba amesema habari ya mvua, na maneno yakamchukua muda, yakamchukua muda mrefu sana, mpaka yalipofika akaketi palepale kwenye mkeka, mbele ya wanaume wote, akalia kwa sauti.